Hila, Mkono na Uchawi: Asili na Maana za Vivumishi vya Uzuri katika Kiingereza na Funzo Lake kwa Taaluma ya Kiswahili

1.0 Utangulizi



Mwanafunzi wa tafsiri anapokutana na vivumishi vya Kiingereza kama vile "beautiful", "pretty", "handsome", "lovely", "attractive" na "charming", aghalabu huvikusanya vyote na kuvitia katika kapu moja, nalo ni kapu la "-zuri". Jibu hilo si kosa, lakini si kamili. Vivumishi hivyo sita havikuzaliwa mahali pamoja, havikupita njia moja, na hadi leo haviandamani na watu wale wale. Kimoja kilianza kama neno la kumshutumu mjanja. Kingine kilihusu chombo kinachoshikika vizuri mkononi. Kingine kilitoka katika maneno ya mganga anayeagua.

Mhadhara huu una madhumuni matatu. Kwanza, kueleza asili ya vivumishi vichache vya Kiingereza vinavyotumika kumsifu mtu kwa sura yake. Pili, kuonyesha sababu zilizofanya maana zake zigeuke. Tatu, kudondoa mafunzo yanayowahusu watunzi wa kamusi, wafasiri na wanafunzi wa Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba neno la uzuri haliipi jina sura peke yake. Hutaja pia athari ya sura hiyo kwa atazamaye, nafasi ya atazamwaye katika jamii, na mara nyingine hofu ya jamii yenyewe. Kwa hiyo anayeyafasiri maneno hayo hufasiri mahusiano ya watu pamoja na sura zao.

2.0 Tabaka la kwanza: wema uliogeuka uzuri

Kiingereza cha Kale, yaani kile kilichozungumzwa kabla ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, kilikuwa na vivumishi vyake vya uzuri. Miongoni mwavyo ni "fæger", "wlitig" na "sciene". Cha kwanza kimebaki katika umbo la "fair", nacho kitajadiliwa mbele. Cha pili kimekufa kabisa. Cha tatu ni ndugu wa neno la Kijerumani "schön", ambalo hadi leo ndilo neno la kawaida la Wajerumani kwa jambo zuri. Lakini katika Kiingereza limesalia katika nomino "sheen", yenye maana ya mng'ao tu. Neno lililokuwa likisifu uso wa mtu sasa husifu nywele au kitambaa.

Nafasi iliyoachwa na maneno hayo ilijazwa kwa kiasi kikubwa na Kifaransa, lugha ya watawala wapya. "Beauty" lilitoka Kifaransa cha Kale, na "beautiful" ni muungano wa mzizi huo wa kigeni na kiambishi tamati cha Kijerumani asilia, "-ful", chenye maana ya kujaa. Neno hilo lilianza kuonekana katika maandishi ya karne ya 15. Muundo wake ni wa chotara: nusu ya bwana, nusu ya mtumishi.

Nyuma ya Kifaransa ipo Kilatini. Asili ya "beauty" ni kivumishi "bellus", ambacho kwa asili ni umbo la udogo linalotokana na mzizi ule ule wa "bonus", yaani -ema. Kwa maneno mengine, "bellus" lilikuwa "kizuri kidogo", "kijema" kwa kubembeleza. Warumi walilitumia hasa kwa wanawake na watoto. Likitumika kwa mwanamume mzima, mara nyingi lilibeba kejeli. Hivyo basi, neno linaloonekana leo kuwa kubwa kuliko yote katika kundi lake lilianza kama neno dogo la kudekeza.

Njia hiyo, kutoka wema hadi uzuri, si ngeni kwa msemaji wa Kiswahili. "Mtu mzuri" kwa Kiswahili aweza kuwa mwenye sura ya kupendeza, aweza kuwa mwenye tabia ya kupendeza, na muktadha ndio huamua. Kiswahili kinayo "-ema" kwa upande wa maadili, lakini "-zuri" haikubali kufungiwa upande wa sura peke yake.

3.0 Hila na mkono: "pretty" na "handsome"

Hakuna jozi inayofundisha zaidi kuliko hii. Katika Kiingereza cha Kale lilikuwapo neno "prættig", lililotokana na "prætt", yaani hila au ujanja. Aliyeitwa hivyo alikuwa mtu wa kukaa naye kwa tahadhari. Baada ya hapo neno linaadimika sana katika maandishi kwa muda mrefu, kisha linaonekana tena katika karne ya 15 likiwa na sura mpya: mjanja kwa maana ya stadi, kisha kitu kilichotengenezwa kwa ustadi, kisha kitu kilichotengenezwa vizuri, na mwishowe mtu au kitu kinachopendeza macho. Kila hatua ni fupi. Ni jumla ya hatua ndiyo inayoshangaza. Wanaisimu huita mwendo huu kupanda hadhi kwa maana.

Hata hivyo, kupanda huko kuna mipaka. "Pretty" haikufika mahali pa "beautiful". Ilibaki na sauti ya udogo na wepesi: uzuri usiotisha, usiodumu, usiohitaji heshima kubwa. Ikitumika kwa mwanamume huweza kuwa dhihaka. Mswahili aliyewaambia watu kuwa uzuri wa mkakasi ukipata maji basi angeielewa mara moja tofauti hiyo, ijapokuwa lugha yake haikuitia katika kivumishi bali katika methali.

"Handsome" ina asili iliyo wazi zaidi. Ni "hand", yaani mkono, pamoja na kiambishi tamati "-some", kinachoonyesha hali ya kuelekea au kufaa. Katika karne ya 15 neno lilihusu kitu kilicho rahisi kushika au kutumia. Kutoka hapo likawa kitu kinachofaa, kisha kitu cha kiasi cha kuridhisha. Ndiyo maana hadi leo Kiingereza husema kiasi kikubwa cha fedha ni "handsome". Kufikia mwishoni mwa karne ya 16 neno lilikuwa likitumika kwa mtu mwenye umbo zuri na la kuheshimika.

Lililo muhimu ni kwamba neno hilo halikuwa la wanaume peke yao. Katika riwaya ya Jane Austen iitwayo Emma, iliyotoka Desemba 1815, mhusika mkuu, msichana anayekaribia miaka 21, huelezwa kwa neno hilo hilo katika mistari ya mwanzo kabisa, na msomaji wa wakati ule hakuona ajabu. Leo neno hilo likitumika kwa mwanamke, huashiria umri wa makamo, kimo na haiba. Kamusi ikiandika tu kuwa "handsome" ni "-zuri (kwa mwanamume)", itamfaa msomaji wa gazeti la leo, lakini itampotosha msomaji wa Austen.

Swali linalozuka ni hili: kwa nini neno la hila liliangukia kwa wanawake, na neno la kufaa kwa kazi likaangukia kwa wanaume? Yafaa kujihadhari na jibu la haraka. Asili haiamui hatima ya neno; kati ya "prættig" na matumizi ya leo kuna karne nyingi ambazo wasemaji hawakujua lolote kuhusu hila. Kinachoamua ni usuhuba wa maneno, yaani maneno yaliyo na mazoea ya kuandamana. Neno likiandamana mara elfu na "msichana" hunyonya yale ambayo jamii inayafikiri kuhusu wasichana. Kwa hiyo kilichomo ndani ya "pretty" leo ni kumbukumbu ya usuhuba wake, wala si ile hila ya kale.

4.0 Uchawi na nguvu

Kundi la tatu linatoka katika ulimwengu wa nguvu zisizoonekana. "Charming" hutokana na Kilatini "carmen", yaani wimbo au maneno ya kuagua. "Enchanting" hutokana na "incantare", kumwimbia mtu maneno ya kumfunga. "Bewitching" haifichi chochote, kwani ndani yake mna neno la Kiingereza la mchawi. "Fascinating" hutokana na "fascinum", neno linalohusu kurogwa kwa jicho, na pia hirizi ambayo Warumi waliwavika watoto wao ili kuwakinga na jicho hilo.

Kwa msikilizaji wa Mwambao, habari ya "fascinum" haihitaji maelezo marefu. Mtoto mzuri akisifiwa, mama husubiri kusikia "Mashallah". Sifa isiyo na kinga huchelewa kupokewa, kwa kuwa jicho lisifulo laweza pia kudhuru. Tofauti ya kustaajabisha ni moja tu: katika Kilatini aliyeroga alikuwa mtazamaji, na mtu mzuri alikuwa hatarini, katika Kiingereza cha leo mtu mzuri ndiye arogaye, na mtazamaji ndiye mhanga. Neno limebaki lile lile, lakini mtenda na mtendwa wamebadilishana viti.

Neno "glamour" litawafurahisha zaidi wanasarufi, kwa kuwa ni mtoto wa neno "grammar", yaani sarufi. Katika Zama za Kati sarufi ilimaanisha elimu ya vitabu vya Kilatini, na kwa watu wasiosoma, elimu hiyo na elimu ya siri hazikuwa mbali. Huko Uskoti umbo la neno likageuka, na maana yake ikawa mazingaombwe: nguvu ya kuyafanya macho yaone kisichokuwapo. Mwandishi Walter Scott alilieneza mwanzoni mwa karne ya 19. Karne iliyofuata, sinema za Marekani zililitwaa na kulivisha vito, taa na hariri. Hata hivyo, maana ya kale haikufutika yote. Anayesifiwa kwa neno hilo husifiwa kwa uzuri ambao kila mtu anajua kuwa umetengenezwa.

"Attractive" inatokana na Kilatini "trahere", kuvuta, pamoja na kiambishi awali chenye maana ya "kuelekea". Kabla ya kumhusu mtu, lilikuwa neno la waganga: dawa yenye uwezo wa kuvuta majimaji mabaya kutoka mwilini. Kuanzia karibu mwaka 1600 likahusu mtu avutaye macho na mioyo. Kiswahili kinayo sitiari hiyo hiyo katika "-a kuvutia", na mofolojia yake ni wazi kuliko ya Kiingereza: mzizi "vut-", kiambishi cha kutendea, na msemaji yeyote anauona mvuto kwa macho ya akili. Kwa Mwingereza wa kawaida mzizi umezikwa. Kwa Mswahili unatembea barabarani.

Mwisho wa kundi hili ni maneno ya nguvu za mwili: "striking", linalotokana na kupiga, "stunning", linalotokana na kumpiga mtu hadi azubae, na "ravishing", linalotokana na Kifaransa chenye maana ya kunyakua kwa mabavu. Hapa uzuri ni shambulio. Kiswahili nacho husema kuwa mtu ameutekanyara moyo wa mwenzake. Yaelekea lugha nyingi huuona uzuri kuwa jambo linalomtokea mtazamaji bila hiari yake, na mtazamo huo una madhara yake: lugha ikimfanya mtazamaji kuwa mhanga, huwa rahisi kumlaumu anayetazamwa.

5.0 Rangi: historia ya "fair"

Maneno yaliyotajwa hadi hapa yanaweza kujadiliwa kwa tabasamu. "Fair" linahitaji uangalifu zaidi. Katika Kiingereza cha Kale, "fæger" ilikuwa sifa ya kitu chochote kipendezacho: mwanamke, hali ya hewa, mahali, maneno. Katika Zama za Kati liliongeza maana ya haki, yaani jambo lisilo na doa la upendeleo. Pia likapata maana ya tatu: weupe wa ngozi na nywele. Tangu hapo neno moja lilitaja uzuri, haki na weupe kwa pamoja, na lugha ikafanya lililo ladha ya tabaka fulani katika wakati fulani lionekane kama ukweli wa asili.

Ladha hiyo ilikuwa na gharama hata kwa Waingereza wenyewe. Wanawake wa tabaka la juu walijipaka vipodozi vyeupe vyenye madini ya risasi, ambayo ni sumu.

William Shakespeare aliuona mgongano huo na kuuchezea. Soneti yake ya 127 inahoji desturi ya kutouhesabu weusi kuwa uzuri. Katika The Merchant of Venice, Mwanamfalme wa Moroko huja kumposa Portia, na maneno yake ya kwanza ni kumsihi asimchukie kwa rangi yake. Portia humjibu kwa kauli ambamo neno "fair" limo, na msikilizaji hubaki akijiuliza ni maana ipi iliyokusudiwa. Katika Othello, Mtawala wa Venisi humfariji baba wa Desdemona kwa kumwambia kuwa mkwewe ana "fair" zaidi kuliko weusi.

Tamthilia ya kwanza kati ya hizo ina historia ya pekee katika Kiswahili, kwani ilitafsiriwa na Mwalimu Julius Nyerere na kuchapishwa mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Mfasiri yeyote wa mandhari ya Moroko hukabiliwa na uchaguzi mgumu. Kiswahili kina "uzuri", kina "haki", kina "weupe", na maneno hayo matatu hayana undugu wowote. Akichagua moja, mawili yanaanguka. Hilo si upungufu wa Kiswahili. Ni ushahidi kwamba Kiswahili hakikuyafunga mambo hayo matatu kwa kamba moja. Mswahili aweza kumwita mtu mweusi, mweupe au maji ya kunde, na hakuna hata moja kati ya maneno hayo lililo na hukumu ya uzuri ndani ya maana yake ya msingi.

Lakini haifai kujisifu mapema mno. Lugha yaweza kuwa safi huku soko likiwa chafu. Kwa muda mrefu miji ya Afrika Mashariki imejua mkorogo, yaani michanganyiko ya kujichubua ngozi, ambayo mingine imekutwa na zebaki. Huko India, krimu iliyouzwa tangu miaka ya 1970 iliitwa "Fair & Lovely": vivumishi viwili vya mhadhara huu vimekaa kwenye kopo moja, cha kwanza kikiahidi cha pili. Mwaka 2020, baada ya lawama za miaka mingi, kampuni ya Unilever iliondoa "fair" na kuiita "Glow & Lovely". Wengine waliona kuwa ni jina tu lililobadilika. Hata hivyo, mwanaisimu hawezi kulipuuza tukio hilo. Kampuni kubwa ilikiri kwa vitendo kwamba kivumishi kimoja, chenye umri wa zaidi ya miaka elfu moja, kilikuwa kikifanya kazi ya kudhuru.

6.0 Mafunzo kwa Kiswahili

Ipo dhana kwamba Kiswahili ni maskini katika uwanja huu kwa kuwa "-zuri" hufanya kazi ya vivumishi kumi vya Kiingereza. Dhana hiyo inatokana na kutafuta utajiri mahali pasipo pake. Vivumishi halisi vyenye mizizi ya Kibantu katika Kiswahili ni vichache, na kazi kubwa ya kusifu hufanywa na aina nyingine za maneno.

Kwanza, zipo nomino: mrembo, kisura, kidosho, mlimbwende. "Mrembo" inatokana na kuremba, yaani kupamba, na hivyo hutaja uzuri ulioongezewa mkono wa mtu. Pili, zipo nomino za hali zinazotanguliwa na "-enye": mwenye haiba, mwenye mvuto, mwenye jamali. "Haiba" lilitoka katika Kiarabu likiwa na maana ya kicho na heshima. Katika Kiswahili limelainika, lakini bado hasemwi kuwa na haiba mtu asiye na uzito fulani. Tatu, vipo vitenzi: ameumbika, anapendeza, anavutia. "Kupendeza" ni kumfanya mwingine apende, na hapo pana udugu wa fikra na "lovely", ambayo katika Kiingereza cha Kale ilianza kwa kumhusu apendaye kabla ya kumhusu astahiliye kupendwa.

Aidha, ngeli ya "m-/wa-" haitofautishi mwanamume na mwanamke, na "mzuri" humfaa yeyote. Kiingereza nacho hakina jinsia katika upatanisho wa vivumishi, lakini kimeiingiza kwa mlango wa msamiati. Kiswahili hakijasalimika kabisa: "mrembo" huelekea kwa wanawake na "mtanashati" katika matumizi ya sasa huelekea kwa wanaume. Wanafunzi wanaotafuta mada za utafiti wana uwanja mpana hapa, hasa kwa kuchunguza magazeti na riwaya za miongo mbalimbali.

Kutokana na haya, kamusi za Kiingereza na Kiswahili za siku zijazo zingefaidika kwa mambo matatu. La kwanza ni kuonyesha neno huandamana na nani: mtoto, mzee, mwanamume, mahali, fedha. La pili ni kuonyesha wakati: maana ya 1600 na ya 1815 si ya leo. La tatu ni kuonyesha mahali. Neno "homely" kwa Mwingereza husifu nyumba yenye faraja, ilhali kwa Mmarekani likitumika kwa mtu humaanisha kuwa hana sura ya kupendeza. Mfasiri asiyeijua tofauti hiyo aweza kugeuza sifa kuwa tusi.

7.0 Hitimisho

Mhadhara huu umeonyesha kuwa vivumishi vya uzuri katika Kiingereza vilitoka katika wema, hila, mkono, uchawi, mabavu na rangi. Hakuna hata kimoja kilichoanza kwa kutaja pua, macho au kimo. Umeonyesha pia kwamba asili ya neno si hakimu wa maana yake ya leo; anayemwita msichana "pretty" hamtuhumu ujanja, na anayemwita rafiki yake "charming" hamtuhumu uganga. Lakini historia ya usuhuba wa neno haipotei bure, kwa kuwa huamua ni nani atakayesifiwa kwa neno hilo na ni nani atakayeachwa nje.

Kwa mfasiri, wajibu unaotokana na hayo ni kuuliza maswali mawili kabla ya kuandika "-zuri": je, hapa anayetajwa ni nani, na anayemtazama ni nani? Akiyajibu, huenda bado akaandika "-zuri", na huenda hilo ndilo likawa jibu sahihi. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Maneno ya uzuri nayo hujiuza yenyewe, na kwa sababu hiyo ni rahisi kuyanunua bila kuuliza yametoka wapi.